UZI: Franz Hilgendorf, Mjerumani aliyempa furu wetu jina la kitaalamu bila kulitia jicho Ziwa Victoria

#1 MwanaMwaloni

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa bei ya sangara kuna mdau aliuliza jina *Haplochromis* limetoka wapi, akajibiwa "ni Kilatini cha furu", wale samaki wadogo wa ziwani wa jamii ya sato, na mada ikafungwa. Naifungua hapa, maana nyuma ya jina hilo kuna mtu, na mwenyewe si wa kupita hivihivi.

Ni Franz Hilgendorf. Kazaliwa tarehe 5 Desemba 1839 mji wa Neudamm, Brandenburg, ambao leo uko Poland na unaitwa Dębno. Hakuanzia kwenye samaki, alianzia kwenye konokono waliogeuka mawe. Kusini mwa Ujerumani kuna mahali panaitwa Steinheim, ambapo kimondo kilichimba shimo, shimo likajaa maji likawa ziwa, ziwa nalo likakauka. Matope ya chini yakabaki tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na makombe yake madogo. Hilgendorf akayachambua kwa mpangilio: tabaka moja konokono ni bapa, la juu yake wanaanza kuinuka kama kilemba, mbele zaidi sura inabadilika tena. Akapata udaktari wake Tübingen mwaka 1863 kwa kazi hiyo, na mwaka 1866 akachapisha mchoro wa ukoo wao unaotawanya matawi. Kumbukeni kitabu cha Darwin cha asili ya viumbe kilitoka 1859 tu. Watu walikuwa bado wanabishana kwa maneno, yeye kaweka ukoo mezani, tabaka kwa tabaka.

Darwin mwenyewe alimtaja kwenye toleo la sita la kitabu hicho, mwaka 1872. Ila akaandika konokono hao wametoka Uswisi. Steinheim iko Ujerumani. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Baada ya hapo alisimamia bustani ya wanyama ya Hamburg, 1868 hadi 1870, kisha akaenda Tokyo kufundisha kwenye chuo cha udaktari, 1873 hadi 1876. Akarudi Berlin kwenye jumba la makumbusho ya wanyama, na huko ndiko samaki wakawa kazi yake mpaka alipofariki tarehe 5 Julai 1904. Samaki wengi wa Japani wamebeba jina lake kama mtu wa kwanza kuwaeleza kitaalamu.

Sasa kwetu. Mwaka 1888 alichapisha makala kuhusu samaki wa "Victoria-Nyanza (Ukerewe-See)", waliokusanywa na marehemu Dk. G. A. Fischer. Humo akamweleza *Chromis (Haplochromis) obliquidens*. Hayo mabano ndiyo kuzaliwa kwa *Haplochromis*. Ni Kigiriki: *haplo* ni sahili, isiyo na mikunjo, na *chromis* ni jina la kale la samaki fulani. *Obliquidens* ndiyo Kilatini, jino la mshazari.

Wenye nyongeza karibuni.

#2 Gogogo77

Mkuu MwanaMwaloni, uzi mtamu. Naongeza upande wa Fischer, maana bila yeye Hilgendorf asingekuwa na kitu cha kueleza.

Gustav Fischer alikuwa tabibu aliyekaa Zanzibar. Mwaka 1885 aliondoka Pangani na msafara kumtafuta mpelelezi Wilhelm Junker, aliyekwama kule juu ya Nile upande wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria. Akafika Kagehi, kusini mwa ziwa, palepale Stanley alipopiga kambi mwaka 1875. Njia ya Buganda ikawa imefungwa, ni enzi za Kabaka Mwanga. Akazunguka upande wa mashariki, akashindwa, akarudi pwani 1886 na kufika Ujerumani. Novemba mwaka huohuo akafa, umri miaka 38.

Ndiyo maana makala inasema "marehemu". Mkusanyaji hakuwahi kuona jina lililotoka kwenye chupa zake.

Yule kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, anayeonekana kuanzia Serengeti hadi kusini mwa ziwa, ni *Agapornis fischeri*. Fischer ndiye huyu. Na gogogo (samaki wa miiba, ndugu wa kambare) mmoja wa ziwani anaitwa *Synodontis afrofischeri*, kaelezwa na Hilgendorf kwenye makala hiyohiyo ya 1888. Kwa hiyo mnaponunua fungu la gogogo kwenye soko la samaki la mwaloni Kirumba, Mwanza, huenda mmeshamshika mkononi.

#3 Mbishi_wa_Igoma

Sasa wakuu nisaidieni. Mtu yuko Berlin, ziwa hajaliona, samaki wamekaa kwenye pombe miezi na miezi, aliyewavua kafa. Halafu tunaambiwa jina ni sahihi? Mvuvi wa Ukerewe anayewajua furu kwa kuwaona kila siku hakuulizwa. Mi naona ni ubabe tu wa zamani.

#4 DadaWaGhuba

Kaka Mbishi, swali lako lina mashiko, ila lina majibu mawili tofauti kwa sababu samaki wa kwenye chupa ana vitu vinavyodumu na vitu vinavyopotea.

Vinavyodumu ni meno, magamba, miiba ya mapezi, mifupa. Hilgendorf alijenga jina lake juu ya jino, na jino halichuji. Kama mna furu hapo, fanyeni hivi. Chukueni lenzi ya mkono inayokuza mara 10, fungueni mdomo kwa kibanio, mwangalie safu ya nje ya taya la chini, katikati, mbali na kona. Furu wa kawaida ana jino lenye ncha mbili zisizolingana, au ncha moja kama msumari. *Obliquidens* ana jino jembamba, shina refu, na kichwa kimekatwa mshazari kama patasi. Ukiligusa kwa sindano linayumba, halikukazwa. Ni jino la kukwangua mwani kwenye majani na mawe, halina kazi ya kung'ata. Ukishaliona mara moja hulisahau.

Mtego upo: furu wengi wakiwa wadogo wana meno ya ncha mbili hata kama wakikua watakuwa na ya ncha moja. Ukichukua kitoto cha sentimita 4 na kumtaja kwa meno, unakosea. Tumia waliokomaa, na zaidi ya mmoja.

Kisha hesabu. Kila kitu upande wa kushoto, ndio utaratibu:

Miiba ya pezi la mgongoni huandikwa kwa namba za Kirumi na vijiti laini kwa namba za kawaida. Furu wetu wengi wanaangukia kwenye miiba 15 au 16 na vijiti 8 hadi 10. Pezi la chini nyuma ya mkundu lina miiba 3. Magamba ya mstari wa pembeni ni kama 31 hadi 34, na hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu kwa jamii ya sato na furu mstari huo umekatika vipande viwili. Kipande cha juu kinaanzia kichwani na kuishia chini ya pezi la mgongoni, kingine kiko chini yake na kinakwenda mpaka mkiani. Ukihesabu cha juu peke yake unapata namba ndogo, unajidai umevumbua aina mpya.

Urefu unapimwa kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa mfupa wa mkia, si mwisho wa pezi. Kuupata mwisho huo, pinda pezi la mkia kidogo pembeni. Pale panapojikunja ngozi ndipo mfupa ulipoishia. Tumia kalipa, kile kipimo cha taya mbili. Rula inadanganya hadi milimita 2, na kwa samaki wa milimita 80 hiyo si ndogo.

Mwisho, mfupa wa koo wa chini wenye meno yake. Unautoa kupitia tundu la matamvua la kulia ili upande wa kushoto ubaki mzima. Meno membamba mengi ni mla laini, meno manene kama punje za mahindi ni mvunja konokono.

Kwa hayo yote, mtu aliyeko Berlin anaweza kufanya kazi safi kuliko aliyesimama ufukweni bila lenzi.

#5 Mbishi_wa_Igoma

Hapo kwenye jino nimekubali, dada. Na vinavyopotea?

#6 DadaWaGhuba

Rangi. Na kwa furu, rangi ndiyo nusu ya habari.

Chukua mfano wa *nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu na Witte-Maas na Witte mwaka 1985. Dume lake mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye mistari myeusi. Jirani yake kwenye mawe hayohayo ni *pundamilia*, dume lake la bluu-kijivu lenye mistari. Majini unawatenganisha ukiwa mbali. Waweke kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, wiki mbili: wote kahawia, mistari kwa mbali, na vipimo vyao vinaingiliana. Mtu wa Berlin mwaka 1888 angewaweka chupa moja na asingekuwa amefanya uzembe wowote.

Hata jike anamchagua dume kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba pale maji yalipochafuka na mwanga kupungua, majike yanashindwa kutofautisha na aina zinachanganyika. Kwa hiyo tope likiingia ghubani, furu nao wanapatwa na shida ileile ya chupa: rangi haisomeki.

#7 MzeeKamongo

Hapo ndipo kazi ya akina Frans Witte inapoingia, vijana. Timu ya Chuo Kikuu cha Leiden ilianza hapa Mwanza mwaka 1977. Walivuta nyavu za meli kuvuka ghuba, wakichambua furu wakiwa bado wabichi, rangi zikiwa hai. Ukitaka kujua kwa nini orodha ya furu ilirefuka baada ya hapo, sababu kubwa ni hiyo. Na bahati ilivyo, sangara aliyeingizwa Uganda kuanzia miaka ya 1950 akafumuka miaka ya 1980, furu wakafagiliwa mbele ya macho yao. Makadirio yanayotajwa sana ni aina zipatazo 200 kupotea. Nyingi zilikuwa zimeshawekwa kwenye chupa lakini hazijapewa jina.

Na kabla yao mtaalamu wa samaki Humphry Greenwood, aliyeingia kituo cha utafiti wa samaki cha Jinja, Uganda, mwaka 1950. Sehemu ya kwanza ya mapitio yake ya furu wa ziwa hili ilitoka 1956, na wa kwanza kwenye kichwa cha habari ni nani? *Obliquidens* wa Hilgendorf. Miaka 68 baadaye mtu anaanzia kwenye jino lilelile.

#8 MwanaMwaloni

Mzee Kamongo shikamoo. Umenikumbusha jambo ambalo huwa linanisumbua. Hilgendorf ndiye aliyechora ukoo wa konokono wa ziwa moja dogo, mzizi mmoja matawi mengi. Miaka 22 baadaye anafungua chupa za ziwa ambalo leo tunajua lina furu zaidi ya aina 500, ziwa lililokauka na kujaa upya kama miaka 15,000 iliyopita. Yaani mfano mkubwa kuliko Steinheim, na hai, uko mezani kwake. Ila Fischer alimletea samaki wachache mno: *obliquidens*, *retrodens*, *cavifrons*, *longirostris* na wengine wa kuhesabika. Kwa sampuli ile, hakuna binadamu angeliona pori zima.

Na kwenye kichwa cha makala limetajwa ziwa tu. Ziwa lenye kilomita za mraba 68,800! Furu wa mawe ya Makobe anaweza asionekane kabisa kisiwa cha pili. Ndiyo yaleyale ya Darwin na Uswisi.

#9 Sengerema_Kwetu

Naomba nifundishwe kitu kimoja. Nikipata furu wa ajabu kwa mvuvi, nifanyeje ili asiharibike kabla hajafika kwa mtaalamu? Konyagi si pombe? Nimwagie tu?

#10 DadaWaGhuba

Konyagi ni asilimia 35. Nyama ya samaki ina maji mengi, ikiingia inaishusha zaidi. Baada ya siku tatu tumbo limevimba, ngozi inamenyeka na macho yametoka. Kunywa mwenyewe.

Utaratibu ni huu, na mpangilio wake una sababu:

Kwanza picha, samaki akiwa hai au amekufa muda huohuo. Mlaze ubavu wa kushoto ukitazama juu, kichwa upande wa kushoto, mapezi yametandazwa, rula pembeni, kivulini. Rangi ya dume huanza kufifia ndani ya dakika chache akitolewa majini, kwa hiyo kamera iwe tayari kabla.

Pili, kata kipande cha pezi la ubavuni la kulia, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, weka kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 96. Hiki ni cha vinasaba. Lazima kitangulie, kwa sababu formalini inavifunga na kuviharibu.

Tatu, formalini. Ya dukani ni ya asilimia 37 hadi 40. Changanya sehemu moja na maji sehemu tisa. Ongeza boraksi kijiko kimoja cha chai kwa lita, kwa sababu formalini ikikaa inageuka asidi na asidi inakula chokaa ya mifupa. Baada ya miaka unabaki na samaki wa jeli asiye na mwiba wa kuhesabu. Dawa iwe mara kumi ya ujazo wa samaki. Watu wanajaza samaki mpaka mdomo wa ndoo halafu wanashangaa wa katikati wameoza. Aliyezidi sentimita 10 mpasue tumbo kidogo upande wa KULIA ili dawa iingie.

Mlaze ubavu kwenye trei mpaka akakamae, nusu saa hivi, ndipo umtie chupani. Ukimtumbukiza kwenye chupa nyembamba akiwa laini anakakamaa amejipinda kama ndoano, na urefu wake hautapimika tena milele.

Nne, baada ya wiki moja kwa wadogo, mbili kwa wakubwa, suuza kwenye maji safi siku mbili au tatu ukibadilisha maji. Kisha ethanoli ya 50, halafu ya 70, hapo ndipo anakaa. Ukiruka moja kwa moja kwenda 70 ananywea.

Glovu, mahali penye upepo. Formalini inasababisha saratani, na samaki aliyeguswa nayo haliwi, hata mbwa asipewe.

#11 Gogogo77

Naongezea: gogogo usimtie mfuko wa plastiki. Miiba yake ya mgongoni na mbavuni inajifunga ikiwa imesimama, inatoboa mfuko na kumwaga dawa garini. Mzungushie kitambaa kwanza.

#12 Nyakato_Maabara

Na lebo iwe NDANI ya chupa, siyo nje. Gundi ya nje inaachia ethanoli ikimwagika. Karatasi nzito, penseli. Kalamu ya wino inayeyuka mnabaki na karatasi nyeupe na maji ya bluu. Andika: mahali kwa namba za GPS, jina la mwalo, kina cha maji, mwamba au mchanga au matope, chombo cha uvuvi, tarehe, nani kakusanya, na namba ya ile picha. Jina la wenyeji pia. Msilidharau: Seehausen na wenzake mwaka 1998 walipoweka majenasi mapya (jenasi ni kundi la aina zenye undugu wa karibu) ya furu wa miambani walitumia *Pundamilia*, na *Mbipia* kutokana na mbipi, jina la huku kwetu.

Mbishi, hapo mvuvi wako kaulizwa, ijapokuwa kwa kuchelewa miaka 110.

Na kama ni utafiti rasmi, kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwanza. Samaki wa kokoro, wavu wa kukokota ufukweni, msiwaandikie makala, kokoro lenyewe haliruhusiwi.

#13 Mbishi_wa_Igoma

Hahaa sawa, nimesalimu amri. La mwisho: kuna jamaa anauza samaki wa mapambo, dume njano lenye mapande meusi na wekundu mgongoni, kaandika "obliquidens". Ndiye huyu wa Hilgendorf?

#14 MzeeKamongo

Siye. Huyo ni *latifasciatus* wa upande wa Ziwa Kyoga, Uganda. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walimwita "Zebra obliquidens" na jina likaganda. Mfungue mdomo uone, hana jino la mshazari.

#15 MwanaMwaloni

Halafu kuna kichekesho. Greenwood mwaka 1979 na 1980 aliivunja *Haplochromis*, akabakiza humo *obliquidens* na wenzake wachache wa meno yale, wengine wote akawagawia majenasi mengine. Watafiti wengi baadaye hawakumfuata, wakawarudisha karibu wote ndani. Ila pande zote mbili za ugomvi zinakubaliana kitu kimoja: popote furu watakapopelekwa, *Haplochromis* inabaki na *obliquidens*, kwa sababu jina limefungwa kwa wale samaki wa Fischer. Ukitaka kubisha, chupa ziko Berlin.

#16 Sengerema_Kwetu

Dada, boraksi Mwanza inapatikana wapi?

#17 DadaWaGhuba

Uliza maduka ya vifaa vya maabara. Ukiikosa, tupia vipande vya chokaa ya ubaoni kwenye dumu la formalini, hakikisha ni chokaa halisi na siyo jasi. Tone la siki likitoa povu juu yake ni yenyewe. Chuja kabla ya kumtia samaki, vumbi lake linaganda kwenye magamba.